Walioachwa Gizani

Winfred alipoingia maabarani Jumapili asubuhi na ndoo yake ya deki, alimkuta Joram amechuchumaa, anaokota nyungunyungu waliokauka sakafuni.

Joram ndiye aliyewatunza. Kwa wiki nzima walikuwa ndani ya mitungi ya kioo, wengine katika udongo safi, wengine katika udongo uliochotwa mahali palipomwagika mafuta, ili ijulikane kama una sumu. Winfred, aliyekulia kwenye mashamba ya chai ya Nandi, alikuwa amewazoea hata akawa anawasalimia kila anapopangusa meza.

Joram alisema kilichomshangaza ni kwamba hata wa udongo safi walikuwa wametoka na kufa. Huenda waliletwa wakiwa wagonjwa. Angemwandikia Daktari Faridah, mkuu wao, kwamba aliyewauza ndiye wa kulaumiwa.

Winfred aliweka ndoo chini. Kazi hii aliipata baada ya miaka mitatu ya kufua na kupika katika nyumba za watu, na hakutaka kurudi huko.

"Joram, ni mimi," alisema. "Ijumaa jioni nikitoka nilizima taa. Niliona zinawaka mchana na usiku, nikawahurumia. Hawa ni wa gizani."

Joram aliwaweka mezani wale aliokuwa amewaokota. Kisha akavuta kiti, akamkalisha, akamweleza taratibu. Ni kweli nyungunyungu hukimbia mwanga, na ndiyo sababu taa huachwa zikiwaka, ili wabaki ndani ya udongo. Giza likiingia hupanda juu na kutangatanga, na humu hewa kavu ya kiyoyozi iliwamaliza kabla hawajaipata njia ya kurudi.

"Nilidhani nawapumzisha," Winfred alisema, machozi yakimlengalenga.

"Najua. Na mimi vifuniko sikuvikaza, wala sikukwambia habari ya taa. Twende pamoja."

Daktari Faridah aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema jaribio hilo halifai tena, waanze upya, na akamwomba Winfred aandike kwa Kiswahili karatasi ya kubandika ukutani: taa isizimwe. Kisha akamshukuru kwa kusema ukweli, kwani bila hivyo wangemlaumu mtu asiye na kosa.

Safari hii Joram alimfundisha kupima unyevu wa udongo, na kila asubuhi Winfred aliangalia kipimajoto kabla hata ya kushika ufagio. Siku ya kumi na nne walimwaga mitungi kwenye sinia, mmoja baada ya mwingine. Katika udongo wa mafuta walikuta wachache tu, wamelegea. Kwenye udongo safi walihesabu pamoja, vichwa vyao vikikaribiana: wote kumi waliowekwa, wanene, wanajinyonganyonga.

"Sasa tunajua ni mafuta," Joram alisema.

Winfred alivua glavu, akamchukua mmoja. Akamwacha azunguke kiganjani, baridi na laini, mpaka Joram akamletea udongo mbichi wa kumlaza.