Jiponye Kwanza

Jumamosi ya sita tangu tanga lianuliwe, Evodia alifunga duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi pale Korogwe saa tisa alasiri, akateremsha shata la mlango nusu, akavaa hedifoni, akamsikia mdogo wake aliyekufa akimwambia, "Mwinjuma anaisha."

Hakushtuka. Jumamosi ya kwanza alishtuka hadi akamwaga chai kwenye karatasi za mteja. Sasa alibonyeza tu kitufe, na mstari wa Mwinjuma ukarudi kijani.

Kwa asiyeijua michezo ya mtandaoni, yafaa aelezwe. Watu kumi, kila mmoja nyumbani kwake, hukutana ndani ya kompyuta kupigana na jitu moja ndani ya pango. Mwinjuma, mfanyabiashara wa mahindi wa Mkata, alikuwa ngao: kazi yake kusimama mbele na kupigwa. Wengine wanane walishambulia. Mmoja alikuwa mponyaji. Mponyaji hapigi mtu. Yeye hutazama mistari kumi ya uhai, kila mstari na jina lake, na mstari unapofupika humrudishia mwenyewe pumzi. Mchezo wenyewe huionyesha mistari hiyo midogo, pembeni, kama maandishi ya chini ya mkataba. Kwa hiyo waponyaji huongeza programu zao za kuikuza, kuipanga na kupiga kengele za hatari.

Kwa miaka minne mponyaji wao alikuwa Mathias, fundi simu wa Chanika, kule Handeni. Aliipanga skrini yake kama mama anavyolipanga kabati la vyombo, mkono unakwenda wenyewe gizani. Alipoanza kumfundisha dada yake awe msaidizi, aliona taabu moja. Kengele zilikuwa za Kiingereza, na Evodia aliishia darasa la saba. Masomo ya jioni alikuwa ameyaanza juzijuzi, na akimaliza kusoma onyo moja, mtu keshakufa. Basi Mathias akazifuta zote, akachukua simu yake, akarekodi sauti yake mwenyewe mara ishirini na tatu. Toka hapo. Mwinjuma anaisha. Subiri, usipoteze nguvu.

"Siku nisipokuwepo utashika wewe," alimwambia. "Mimi nitakuwa sikioni."

Alilisema kwa kicheko, kama mtu anayekwenda harusini Lushoto na kurudi Jumatatu.

Alikufa mwezi wa tatu, Jumamosi, jitu limebakiwa na sehemu ya kumi ya uhai wake. Walikuwa hawajawahi kulifikisha hapo. Wote kumi walikuwa kwenye maikrofoni, na Evodia siku hiyo alikuwa miongoni mwa washambuliaji. Mathias akasema taratibu, "Subirini kidogo. Kifua kimenibana, nataka niinuke."

Evodia ndiye aliyemjibu.

"Hakuna kuinuka, babu. Ponya watu kwanza, wewe baadaye."

Mtu mmoja alicheka. Mathias naye alicheka kidogo, akasema haya, dada. Akaponya watu wawili zaidi, kisha akasimama kimya pale pangoni na joho lake jeupe, na jitu likawakanyaga wote. Evodia alipata hata nafasi ya kumtania, akiuliza kama mzee amekwenda kulala. Baada ya nusu saa Janeth, mke wa Mathias, akapiga simu.

Wenzao walikwisha kuyasahau maneno yale, maana ya namna hiyo husemwa kila Jumamosi. Evodia hakuyasahau, wala hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu peke yake, na hata kwake aliyapitisha haraka haraka, katikati ya mambo mengine.

Arobaini ilifanyika Mazinde, kwa mama yao, ndipo tanga likaanuliwa. Nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa baba mdogo, viatu kwa binamu, hata mkanda ulipata mtu wake. Kompyuta, Janeth alimpa Evodia, kwa kuwa ndiye aliyejua kuitumia. Nguo ya mwisho ilipotoka mkobani, baba mdogo akauliza, kama iulizwavyo siku zote, iwapo kuna mtu mwenye neno na marehemu, alitoe sasa mbele ya watu, ili aliyelala alale na waliobaki wabaki salama. Evodia aliutazama mkeka. Alihisi Janeth anamwangalia, akadhani ni majonzi.

Kumbe yapo mavazi yaliyobaki bila kugawiwa. Evodia alipoingia mchezoni kwa jina la Mathias, alilikuta lile joho jeupe. Lilikuwa joho la uponyaji wa polepole: unabonyeza, unangoja, kisha mstari mzima unajaa kwa mara moja. Liliufaa mkono wa Mathias, uliobonyeza kabla mtu hajaumia. Mkono wa Evodia ulikuwa na pupa, ukitaka mavazi mepesi yatoayo pumzi kidogo kidogo lakini upesi. Mwinjuma alimwambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Evodia akakataa. Hakutaka kusogeza kitu. Ila usiku mmoja katikati ya sala lilimjia wazo kwamba joho lile amelivaa bila kupewa na mtu, na wazo hilo halikumtoka tena.

Jumamosi zote sita walianguka mahali pale pale. Jitu likibakiwa na sehemu ya kumi, humwacha ngao na kummwagia moto mponyaji. Hapo mponyaji hana budi kuwaacha wote na kujitazama mwenyewe. Kwa mponyaji ambaye mstari wake mwenyewe unafupika, popote pale, Mathias aliweka onyo lake, na sauti ndani yake ilikuwa ya chini, tofauti na nyingine, kama ya mtu aliyesogea karibu.

"Da Evo, jiponye kwanza."

Kila iliposema hivyo, vidole vya Evodia viliganda juu ya kibodi. Mstari wake ulifupika, ukawa mwekundu, ukazimika, yeye akiutazama tu.

Walipoanguka mara ya sita, Mwinjuma alikohoa kwenye maikrofoni. Alisema magunia yake ya mahindi yameanza kuota majani akimngoja nesi huyu, na kwamba hata ng'ombe wa Wamasai wanaopita nyuma ya duka lake wanalijua jitu hili kwa jina. Watu wakacheka. Kisha akawaomba wengine watoke, wakabaki wawili.

"Dada Evodia, livue lile joho. Na hiyo sauti izime."

"Ni yeye ndiye anayenielekeza."

"Najua. Mathias alikuwa ndugu yangu pia. Lakini sisi mtu tukishamzika tunamwombea, hatumkalishi kazini."

Evodia alikubali. Jumamosi iliyofuata aliweka mikono juu ya meza akaomba, kisha akamvua mtu wa Mathias wa mle mchezoni joho jeupe, akamvika mavazi mepesi. Akafungua orodha ya sauti, akaondoa alama ya vema moja baada ya nyingine, zote ishirini na tatu, akihesabu kwa kidole. Ili kuhakikisha, alimpeleka mtu wake kwenye moto wa walinzi, nje ya lango la mji wa mchezoni, akamwacha aungue. Kimya. Hapo ndipo walipoingia pangoni.

Ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Mkono wake wenye pupa ulipata kazi yake hatimaye, pumzi kidogo huku, kidogo kule, mistari yote kijani. Hakuna aliyesema neno. Jitu likafika sehemu ya kumi, likageuka, likamtazama mponyaji. Mstari wa Evodia ukaanza kufupika.

"Da Evo, jiponye kwanza."

Ilikuwa sikioni, karibu vile vile. Vidole vikaganda. Wakaanguka wote.

Aliuliza nani amezungumza. Mwinjuma akajibu hakuna aliyezungumza, dada, sote tulikuwa tumefunga maikrofoni. Evodia akafungua orodha. Visanduku ishirini na vitatu, vyote vitupu. Akavua hedifoni, akaziweka mezani, akaketi mbali nazo. Feni ilikuwa inazunguka. Mashine ya fotokopi ilikuwa imezimwa, na kiooni mwake aliona sura yake, imepinda. Alijaribu kuomba kwamba kama ni Mathias, Bwana ampumzishe. Akataka kuendelea, na kama ni mimi, na hapo akakwama. Alikaa na nusu ile ya sala mpaka jua likaingia chini ya shata.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda gari la Handeni na kompyuta mapajani.

Janeth alikuwa nyuma ya nyumba yake pale Chanika, anakaanga maandazi ya biashara. Walisalimiana kwa wifi, wifi, wakaulizana habari za mama na za safari. Evodia hakukaa alipokaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama, maneno ya Mathias na maneno yake mwenyewe, kama yalivyokuwa, pamoja na kile kicheko.

Janeth aliyaopoa maandazi yaliyoiva, akaliepua karai motoni.

"Nilikuwepo, wifi. Spika zilikuwa wazi. Nikamwambia, 'Baba, inuka.' Akaniinulia kidole kimoja, ningoje, nikarudi hapa kwenye karai."

Evodia aliishika kompyuta kwa mikono miwili.

"Nikangoja useme wewe. Kule Mazinde baba mdogo aliuliza mbele ya watu. Ukautazama mkeka."

"Nisamehe, Janeth."

"Daktari alisema ni moyo, ungesimama popote pale alipo. Labda ndivyo. Lakini zile dakika angeweza kuinuka akaja hapa nilipo, akafia mikononi mwangu. Zile dakika ulizichukua wewe."

Alilisema bila kupaza sauti, akifuta mikono kwa khanga. Evodia alilia, na Janeth akamwacha alie. Baadaye akauliza kompyuta ameileta ya nini. Evodia akamweleza habari ya sauti, na namna ilivyosema siku ilipokuwa imezimwa. Alitegemea kuambiwa amechoka, akapumzike.

"Wewe anakuita," Janeth alisema. "Mimi nalala chumba kile kile, kitanda kile kile. Hajaniita hata mara moja."

Akaingia ndani, akasogeza viti viwili kwenye meza ya Mathias. Akataka aisikie. Evodia akarudisha alama moja tu katika orodha. Alipomwona mtu wa mumewe kwenye skrini, Janeth aliuliza zile nguo ni za nani. Evodia akasema ni za kwake, za Mathias ni lile joho jeupe.

"Mvalishe."

Akamvalisha. Akamwonyesha Janeth vitufe vya kutembelea, na Janeth, ambaye hakuwahi kugusa mchezo ule maisha yake yote, akamtembeza mumewe kwa kuyumbayumba mpaka nje ya lango, akamwingiza motoni. Mstari ukafupika.

"Da Evo, jiponye kwanza."

Janeth hakubonyeza kitu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza mlango. Mtu wa Mathias akaanguka.

"Rudia," alisema.

Akamfufua, akamrudisha. Sauti ikasema vile vile, jina lile lile, la Evodia. Mara ya pili akaanguka. Mara ya tatu mstari ulikuwa umeingia kwenye wekundu Janeth aliposema, "Kitufe ni kipi?"

Evodia aliuweka mkono wake juu ya mkono wa wifi yake, akakipeleka kidole chake mahali panapohusika, wakabonyeza. Joho lile lilikuwa la polepole. Iliwabidi wangoje, wote wawili, huku moto unakula, hata Evodia akadhani wamechelewa. Ndipo mstari ukajaa wote kwa mara moja.

Janeth hakuuondoa mkono wake.

"Sijakusamehe," alisema. "Naomba Mungu anipe, bado hajanipa. Lakini gari la mwisho ni la saa kumi na mbili. Usiondoke kabla yake."