Hatua ya Tatu

Devji alipokitia kufuli kisima chake nilimsema vibaya sana, na sioni haya kulitaja. Kisima kilikuwa ndani ya ua wake, karibu tu na geti, na maji yake yalikuwa matamu. Visima vingine vya Mishomoroni wakati huo vilikuwa na maji ya chumvi. Ukipikia chai huinywi, ukifulia sabuni haitoi povu. Tangu enzi za mzee aliyemuuzia Devji kile kiwanja, sisi tulikuwa tukiingia na ndoo zetu, tunachota, tunasengenyana kidogo, tunatoka. Ghafla tukaona geti la mabati na kufuli kubwa kama ngumi yangu.

Devji hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa kuwa hasira zimenitoka. Alikuwa Baniani mnene, mpole, mwenye duka la unga na mafuta ya taa, na watoto wetu walikuwa hawatoki dukani kwake bila peremende. Ila uhuru ulikuwa umekaribia, na shemeji yake Ratilal alimjaza maneno kila siku: ukiwaacha watu wazoee kuingia, bendera yao ikipanda watasema ni pao. Devji akaingiwa na hofu, akafunga.

Aliyeumia zaidi ni Kitsao. Kitsao alikuwa Mgiriama mfupi, mfupi hasa. Akisimama nami kichwa chake kilinifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Kazi yake ilikuwa kuuza maji, madebe mawili yakining'inia kwenye mzegazega, ule mti wa begani, nyumba hadi nyumba. Pipa la kwa Devji pia alilijaza yeye kwa miaka mingi. Kisima kilipofungwa ikabidi akateke maji mbali, njia ya Bamburi, na mabega yake yakachubuka yakawa hayaguswi. Akaniambia kwamba mambo yakibaki hivyo mpaka mwisho wa mwaka, atamchukua mkewe na watoto warudi kwao Kaloleni. Hakutaka kwenda. Watoto walikuwa wamezaliwa hapa, na mkewe alikuwa rafiki yangu. Nikamwambia basi nenda ukamwombe Devji.

"Nimwombe kama nani, dada?" akaniuliza. "Mimi ni Kitsao wa maji."

Ikakaribia Diwali, ile ya mwisho kabla ya bendera. Siku ya pili yake ndiyo mwaka mpya wao, na mama yake Devji, bibi mkongwe ambaye mtaa mzima tulimwita Ba kama alivyomwita mwanawe, alikuwa akiandaa mchezo uani kila mwaka. Hadithi ilikuwa ile ile. Palikuwa na mfalme mkarimu, jina lake Bali, lakini aliitwaa dunia yote hata miungu ikakosa pa kukaa. Mungu wao Vishnu akashuka duniani katika mwili wa kijana mfupi, mwanafunzi wa dini mwenye mwavuli, akamwomba mfalme ardhi ya hatua tatu tu. Mwalimu wa mfalme akamwonya asitoe, maana huyu si mtu. Mfalme akasema neno limeshamtoka. Yule mfupi akakua akawa mkubwa. Hatua ya kwanza ikaenea dunia yote, ya pili ikaenea mbingu, ya tatu ikakosa pa kukanyaga. Mfalme akainamisha kichwa chake, akasema ikanyagwe hapo.

Devji ndiye aliyekuwa mfalme Bali kila mwaka, kwa ajili ya lile tumbo. Ratilal alikuwa mwalimu. Mfupi alikuwa mtoto wa karani mmoja wa Changamwe, naye wiki ile ya mchezo akashikwa na matumbwitumbwi, mashavu yakamvimba akawa hata mdomo hafungui. Nilikuwa barazani kwa Ba nikishona upindo wa ile nguo ya njano ya Mungu, maana cherehani ya mtaa ilikuwa yangu, nikasikia mabishano. Ba alimtaka Kitsao. Ratilal alisema haiwezekani kabisa, mbeba maji avae taji la Mungu mbele ya wageni. Ba akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Ameshuka akiwa samaki. Ameshuka akiwa kasa. Ameshuka akiwa nguruwe. Leo atamkataa Kitsao?"

Nilileta astaghfirullahi moyoni kwa ajili ya huyo nguruwe, lakini nilicheka hadi sindano ikanichoma. Mimi ni Muislamu, habari za Mungu kuvaa mwili haziniingii. Hata hivyo nilimuuliza Ba kwa nini mwenye kila kitu ajifanye kijitu cha kuombaomba. Akaniambia aliye mkubwa hawezi kuomba. Ili aombe yambidi auache kwanza ukubwa wake, na huko kuuacha ndiko kujitoa kwake. Mfalme Bali naye akajitoa kwa kuinama. Wote wawili wametoa, kwa hivyo watu wanakula halua na kufurahi. Nilikata uzi nikaendelea na upindo, na jibu lile nililipenda.

Siku yenyewe geti likaachwa wazi tangu mchana. Wahindi wakaja kutoka Changamwe na kisiwani, wanawake wao wakiwa na sari mpya zinazomeremeta, nasi tukaja na watoto wetu, macho kwenye masinia ya vitamutamu, jelebi na ladu. Tukaketi mikekani kuizunguka ile sakafu ya saruji kando ya kisima, ambayo ndiyo iliyokuwa jukwaa. Ba alikuwa ameamrisha mchezo mwaka ule uwe wa Kiswahili, kwa kuwa watazamaji wengi ni majirani.

Wao wana desturi yao: anayevishwa taji la Mungu basi huyo ni Mungu mpaka alivue. Hawasemi anaigiza. Ba alipomvisha Kitsao lile taji la karatasi ya dhahabu aliinama, na mgongo wake ule mbovu, akamgusa miguu. Wakafuata wengine wote, wake kwa waume. Ratilal naye aligusa, kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nikimtazama Kitsao usoni. Mwanzoni alikuwa akitafuta pa kukimbilia, kisha macho yakamtulia, akaushika mwavuli wake, akasimama wima.

Mchezo ukaenda vizuri. Kitsao akaomba hatua zake tatu, Devji akamjibu kwa sauti nene ya kifalme kwamba achague atakapo, Ratilal akaonya kwa kidole. Kikatandikwa kitambaa cha kijani, ndiyo dunia, na cha samawati chenye nyota, ndiyo mbingu. Kitsao alitakiwa avikanyage. Hakuvikanyaga. Alivipita, akaenda mpaka getini, akaweka mguu kizingitini.

"Hatua ya kwanza," akasema.

Akarudi, akauweka mguu kwenye ukingo wa kisima, akasema ni ya pili. Kisha akaja akasimama mbele ya Devji, na lile taji limemwinamia upande.

"Ya tatu niiweke wapi?"

Ngoma ikakoma. Hapakuwa na mtu uani asiyefahamu kinachoombwa. Niliushika mkono wa mke wa Kitsao. Niliogopa, wallahi. Ratilal akasogea karibu na shemeji yake, akamsemesha kwa chini, kwa Kiswahili kile kile cha mchezo, na sisi wa mbele tulisikia.

"Devji, huu si mchezo tena. Ukiinama mbele ya watu wote hawa umetoa kweli, na hutaweza kukirudisha kisima."

Devji angeweza kucheka. Angecheka, nasi tungecheka kwa adabu, jambo likaishia hapo na kesho kufuli likarudi. Alimtazama mama yake, lakini Ba hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amekutanisha viganja, macho yake kwa Kitsao. Basi Devji akavua taji lake, akapiga magoti kwenye saruji. Kwa tumbo lile haikuwa kazi rahisi.

"Weka hapa," akasema, akainamisha kichwa.

Hapo Kitsao akashindwa. Aliunyanyua mguu ukabaki hewani. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi, madebe begani. Devji alingoja kidogo. Alipoona mguu hauji, akanyoosha mikono yake miwili, akaushika ule mguu wenye nyufa, akauvuta polepole, akauweka kichwani pake mwenyewe.

Nililia mbele za watu. Vigelegele vikalia, vyetu na vya Wahindi, ngoma ikarudi kwa kishindo, na watoto wakapata nafasi ya kuyavamia masinia. Katika zogo lile nikamwona Devji, bado yuko magotini, anapapasa kiunoni, anatoa ufunguo na kuutia mkononi mwa Kitsao. Maneno sikuyasikia. Kitsao ndiye aliyenisimulia baadaye, kwamba Devji alimwambia hadithi bado haijaisha: Mungu alipokwisha kuchukua kila kitu alikubali kuwa bawabu mlangoni kwa Bali, kwa hivyo geti lile kulifungua na kulifunga ni juu yake Kitsao tangu leo. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuviruka vile vitambaa. Akasema hakuna.

"Kitsao asingeweza kuomba," akaniambia. "Lakini saa ile sikuwa Kitsao."

Hawakurudi Kaloleni. Ratilal alinuna mpaka akachoka. Bendera ikapanda, tukaimba tukacheza hadi sauti zikakauka, na hakuna aliyekuja kudai kiwanja cha Devji. Baada ya hapo, asubuhi moja, nilikuwa kwenye foleni na debe langu, nikamwona Devji mwenyewe anatoka nyumbani kwake na debe lake, anamtekea mama yake maji ya kuoga. Tukamwambia apite mbele, kisima ni chake. Akatikisa kichwa, akaifuata foleni mpaka mwisho.

"Nani wa mwisho hapa?" akauliza.

"Ndimi," nikamjibu.

Akaliweka debe lake nyuma ya langu, akaanza kuniuliza habari za watoto.