Vipepeo wa Maji ya Vyombo

Nekoye ndiye aliyeona kwanza kwamba vipepeo hawakuwa na haja na maua. Kila asubuhi, akishamwaga maji ya vyombo nyuma ya jikoni, walishuka mmoja mmoja wakatua kwenye tope lenye majivu aliyosugulia sufuria. Wakatulia hapo, wakanywa.

Mbele ya nyumba, baba yake mkubwa Absalom alikuwa akihangaika. Kwa miaka ishirini alikuwa na studio mjini Bungoma, na harusi kutoka Bokoli hadi Sirisia zilimngoja yeye. Sasa studio ilikuwa imefungwa, macho yake yameingia ukungu, na magoti yamekataa kukunjika. Nekoye, aliyeachia shule darasa la tano, alikuwa ameletwa kwake Mabanga kumpikia.

Mzee alibaki na kamera, filamu moja, na ahadi. Alikuwa amemwambia rafiki yake Kiptanui wa Kitale kwamba kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka huo wa tisini na moja atapeleka picha za vipepeo wa bustani yake mwenyewe. Kiptanui alicheka mbele ya watu, akasema Absalom hawezi kupiga kitu ambacho hakiwezi kuambiwa kitabasamu.

Basi Absalom aliitayarisha bustani kama nyumba inayongoja wakwe. Alifyeka, akafagia, akaukata ua ukanyooka. Kisha akasimama na kamera hatua tano kutoka kwa maua, maana kwake picha ya heshima ilikuwa ile inayoonyesha kitu kizima, kichwa mpaka miguu. Vipepeo wachache waliokuja walipita tu. Filamu ya picha thelathini na sita ikabakiwa na nne.

Nekoye hakuwa na mazoea ya kusema na wakubwa kabla hajaulizwa. Siku hiyo alimpelekea chai, akakitazama kikombe, akasema wako nyuma ya jikoni.

"Pale kwa maji machafu?" Absalom aliuliza. "Ati nimpelekee Kiptanui picha ya jalala?"

Nekoye alirudi jikoni. Lakini kesho yake mzee alimfuata polepole hadi nyuma, akawakuta saba, weusi wenye madoa ya manjano. Alijaribu kuchuchumaa, akashindwa. Alichungulia kwenye kamera akiwa amesimama, akaona ukungu mtupu. Kisha akauvua mkanda wa kamera shingoni mwake, akamvika Nekoye.

Alimfundisha kwa maneno machache: zungusha hapa mpaka uone miguu yake vizuri, zuia pumzi, bonyeza. Nekoye alipiga magoti kwenye tope na gauni lake, akajivuta kwa viwiko, taratibu, mpaka kipepeo mmoja akajaa kwenye kioo. Akabonyeza. Akangoja, akabonyeza tena. Nne zikaisha.

Kule Kitale picha ziliwekwa kwenye meza ndefu, zimekuzwa hata kipepeo akawa mpana kama sahani. Ulimi wake mwembamba ulionekana umezama topeni. Watu walijaa. Chini ya picha palikuwa na kadi yenye jina la Absalom. Nekoye, aliyesimama nyuma na kikapu cha chakula, aliisoma mara mbili. Haikuwa na jina lingine.

Kiptanui alivaa miwani, akainama. Kicheko chake chote kilikuwa kimemwishia.

"Huyu umempata wapi, bana? Msitu wa Elgon?"

"Nyumbani kwangu," Absalom alijibu haraka. "Kwa maua, pale mbele."

"Na macho yako hayo?"

Aliuliza kwa upole, kama rafiki. Absalom akakohoa. Alitazama kadi, akamtazama Nekoye, kisha akasogea kando kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja mezani.

Nekoye aliweka kikapu chini. Alijua mzee ameona haya, na yeye hakuona haya yoyote. Mahali pale palikuwa pake, na mikono iliyotulia topeni ilikuwa yake. Akaja mbele mpaka meza ikamgusa.

"Si kwa maua, mzee," alimwambia Kiptanui, na watu wa mwisho kule nyuma wakasikia. "Ni nyuma ya jikoni, pale namwaga maji ya vyombo. Na mpiga picha ni mimi. Zote nne."