Koti la Hariri ya Matope

Ou Yuezhen alikuwa akisuuza kikombe kwa chai ya moto kabla ya kunywa, kama ilivyo desturi, alipoinua macho. Karibu na dirisha la mkahawa alikaa bibi kizee asiyemjua, amevaa koti la mama yake.

Mama alikufa kiangazi kilichopita, na koti lile liliteketea naye katika tanuru la kuchomea maiti. Ndivyo Yuezhen alivyoambiwa na Huilan, mke wa kaka yake, aliyeiosha na kuivisha maiti wakati Yuezhen mwenyewe yuko hoi hospitalini kwa homa.

"Yamefanana tu," alijituliza. Hapa Shunde, kusini mwa China, vikongwe wangapi hawana hariri ya matope? Nje nyeusi, ndani kahawia, imechovywa katika rangi ya mizizi na kuanikwa nyasini mara nyingi kabla ya kupakwa tope la mto. Lakini bibi aliponyoosha mkono kuchukua andazi, kwapani kikachungulia kiraka chenye umbo la jani. Yuezhen alikishona mwenyewe usichanani, na mama akamcheka kuwa jani limepinda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akaacha chai yake, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Huilan alikuwa uani akipaa samaki.

"Wifi, hivi mama ulimvisha nini siku ile?"

Kisu kikasita. "Si koti lake? Mbona leo?"

"Nauliza tu."

"Mtu haulizi tu," alisema Huilan, akainamia samaki wake.

Usoni amebadilika, Yuezhen aliona. Akakumbuka wachuuzi waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba wakinunua nguo kuukuu. Siku hizi vijana wa jiji la Guangzhou wamechoka na nguo za kuvaa mwezi na kutupa. Wanatafuta zilizotengenezwa polepole, zikalainishwa na mgongo wa mtu. Yeye mwenyewe, pale kwenye duka lake la ushonaji, alikuwa na kabati la vioo lenye nguo za kale, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Akaona wazi: wifi yake amemvua maiti koti, akaliuza.

Asubuhi iliyofuata aliketi meza moja na yule bibi.

"Shikamoo bibi. Koti zuri! Mchuuzi gani kakuuzia?"

"Marahaba. Mchuuzi wa wapi, mwanangu? Hili limetoka mgongoni kwa mtu. Shoga yangu Yinhao, tulichuma naye majani ya miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri tangu wasichana. Alikuja kwangu ng'ambo ya mto, anakohoa, mkwewe kamshika mkono. Akalivua palepale, akabaki na fulana. Nikamwambia, we Yinhao, una wazimu? Akasema, nguo iliyochukua msimu mzima kuiva haichomwi. Ivae mpaka ichoke."

Yinhao lilikuwa jina la mama. Yuezhen akasogea karibu. "Hakuwa na binti wa kumwachia?"

"Anaye, fundi. Lakini alisema huyo angelifungia kabatini, watu walitazame kama samaki wa mapambo." Bibi akacheka, kisha akamwangalia vizuri, na kicheko kikakatika. "Mwanangu, wewe ni nani?"

Yuezhen aliinuka. Aliaga kwa adabu, akatoka. Njiani alijaribu bado kumshuku bibi, kwamba kapangwa na Huilan. Lakini nani angemfundisha yale maneno ya kabati? Hayo yalikuwa maneno ya mama hasa.

Huilan alimfungulia mlango, akamsoma usoni.

"Umekutana na Bibi Leung."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Mama aliniapisha. Alisema ukijua utakwenda kulidai."

Yuezhen alitaka kukana. Lakini tangu jana alikuwa amekwisha kulipangia nafasi katika kabati la vioo, rafu ya juu, katikati.

"Ulidhani nimeliuza," Huilan alisema.

"Ndiyo."

"Mimi! Niliyemlisha uji kwa kijiko!"

"Nisamehe, wifi."

Huilan hakusema amesamehe. Alisogeza kiti kwa mguu, na Yuezhen akaketi. Huilan akateleka birika la chai.

"Basi alivaa nini?"

"Lile shati la pamba ulilomshonea mwaka wake wa mwisho. Alilichagua mwenyewe."

"Si alikuwa akisema linambana?"

"Lilimbana kweli. Nilihangaika nalo vifungo, we acha tu."

Yuezhen akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomliza.