Mafundo ya Jumatatu Jikoni kwa Baukje

Jumatatu ya kwanza baada ya harusi yake, saa nne na robo asubuhi, Baukje Reitsma alikuwa jikoni akimenya viazi. Mlango wa kabati la mifagio ukafunguka, wakaingia wanafunzi arobaini na wawili wa hisabati. Walipangusa viatu, wakaamkia, wakatafuta pa kukaa. Jiko lilikuwa hatua nne kwa tatu, maana nyumba ya mlinzi wa daraja haijengwi kwa ajili ya umati, lakini wote walienea, na kila mmoja akapata pa kuwekea daftari.

"Tumefungua mlango wa ukumbi wetu wa siku zote, Mwalimu," alisema Aaltje, binti aliyependa kukaa mbele. "Tumetokea hapa."

"Basi funga, baridi inaingia."

Baukje akafuta mikono, akaendelea na somo pale alipoliachia wiki iliyopita. Mumewe, Geert Wolthuis, alirudi kutoka kuteremsha daraja baada ya mashua kupita, akasimama kizingitini kofia mkononi.

"Mke wangu, mimi si nilioa mmoja?"

"Hao ni mashemeji zako. Bandika kahawa."

Barua ya chuo ilikuwa imefika Ijumaa. Sentensi ya kwanza ilimpongeza kwa kuolewa, ya pili ikamwachisha kazi, kwa sababu sheria ya Uholanzi siku zile ilisema hivyo: mtumishi wa serikali akiwa mwanamke, akiolewa tu, kazi basi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha hisabati ya mafundo, yaani jinsi ya kujua kama fundo litafunguka au halitafunguka hata ulivute hadi kesho. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua ya mizigo kule Friesland, kwa hiyo mafundo aliyajua kabla ya herufi. Alilolitaka kazini lilikuwa moja tu: jina lake lichapwe kwenye orodha ya masomo ya kila mwaka, mbele ya somo lake. Pia alimtaka Geert, tena sana. Hakuona kwa nini achague.

Chuo kikamwajiri Lubbert Tonkens ashike nafasi yake. Huyu alikuwa kijana mpole, masikio yakimwiva kwa haya kila alipofungua kinywa. Alifungua mlango wa ukumbi, akajikuta jikoni. Akatoka, akaingia upya, mara tatu, kwa adabu, na mara zote tatu Baukje alimkaribisha. Mara ya nne akampa kisu.

"Viazi vile pale, Bwana Tonkens. Sikiliza huku unamenya."

Kwa hisabati Tonkens hakuwa haba. Kwa viazi, lahaula! Ganda likitoka, linatoka na nusu ya kiazi.

"Kaka, unamenya au unachonga?" Geert alimwuliza, darasa zima likaangua kicheko, na Tonkens akacheka kuliko wote.

Orodha ilipochapwa, jina lililokuwemo lilikuwa la Tonkens. Aliileta mwenyewe, macho chini, akaomba radhi. Baukje aliusoma ule mstari mara mbili. Akasema unauma, halafu akamwuliza kama amekula.

Mtunza majengo wa chuo alikuja na utepe wa kupimia. Jumanne, ukumbi ulipokuwa ukumbi, ulikuwa na mita kumi na mbili. Jumatatu, ulipokuwa jiko, ulikuwa na mita tatu. Aliandika zote mbili kwenye fomu, akatia sahihi. Ofisi ilifurahi kwamba siku ya Jumatatu hakuna haja ya kuwasha makaa, ikatoa ombi moja tu, kwamba vitunguu visikaangwe wakati wa mitihani.

Miaka ile ilikuwa raha tupu, usiambiwe. Mashua ikipiga honi, Geert anatoka kuinua daraja, jiko linatetemeka, somo linasubiri. Manahodha wakaizoea habari, wakawa wanarusha kamba zenye mafundo dirishani.

"Bibi wee! Na hili utaliweza?"

Baukje hulishika, hulizungusha, husema litafunguka au halitafunguka. Akisema halitafunguka, hulithibitisha ubaoni, na nahodha husubiri hadi mwisho, wenzake wakimtukana nyuma yake mferejini. Mwaka wa nne alipata lililowashinda wengi: namna ya kutambua fundo kwa kuhesabu makutano yake tu, bila kuligusa. Wanafunzi waligonga meza mpaka vikombe vikaruka. Geert, ambaye hakuelewa hata neno moja, alilia kwa furaha na kuchelewesha mashua mbili.

Mwaka wa saba sheria ile ikafutwa. Baukje akaandika barua siku hiyohiyo, kuomba kazi yake.

Jibu lililetwa na mkuu wa kitivo mwenyewe, kupitia kabati la mifagio, Jumatatu ambayo Baukje alitimiza miaka arobaini na mitano. Viti vilikuwa vimepangwa duara. Na kwao Uholanzi siku ya kuzaliwa hapongezwi mwenyewe peke yake, hupongezwa kila aliyemo chumbani. Mkuu alikuwa mtu wa desturi. Alizunguka duara zima mkono kwa mkono, hongera kwa mkeo, hongera kwa mwalimu wako, watu sitini na mmoja, ndipo akakaa, akapewa kipande cha keki, akafungua barua.

"Bibi Wolthuis, suala la ndoa limekwisha, tunashukuru. Sasa tatizo ni uzoefu. Miaka saba umekaa jikoni."

Darasa likamtazama mwalimu wao. Baukje alikuwa na chaki mkononi.

Tonkens alisimama, masikio yanawaka moto. "Mheshimiwa, mimi sijafundisha hata siku moja! Mpeni yeye. Mimi hapa namenya viazi!"

"Unajishusha bure, bwana. Wanafunzi wako wanafaulu kuliko wote nchini. Ndiyo maana kuanzia Septemba wewe ni profesa."

Ikawa kuna profesa mpya chumbani, na desturi ni desturi. Watu wakainuka tena, wakapongezana upya, wengine kwa sauti ya msibani. Zamu ya Baukje ilipofika, mkuu akampa mkono.

"Hongera, Bibi, kwa profesa wako."

"Asante. Lakini nimeumia, Mheshimiwa. Nataka ujue hivyo."

"Najua," mkuu alisema, na alijua kweli, kwani naye alikuwa na binti. "Ila barua imeshapigwa muhuri." Akachukua kofia yake, akageuka kuondoka, jicho likanasa kwenye mafundo yaliyochorwa ubaoni. "Hilo la kushoto... linafunguka?"

"Kaa ujue."

Mkuu akavua koti, akaomba karatasi na kalamu. Baukje alifundisha siku hiyo kuliko siku zote, kwa hasira na kwa furaha pamoja, na ilipothibitika kwamba fundo halifunguki, makofi ya mkuu wa kitivo yalisikika hadi ng'ambo ya mfereji.

Orodha ya mwaka uliofuata ilitoka mapema. Mafundo. Jumatatu, saa nne na robo. Mwalimu: Profesa L. Tonkens. Mahali: jikoni kwa Bibi Wolthuis.