Jino la Walii

Saa nne asubuhi, Jumamosi, sebuleni kwa Khamisi huko Kilwa Kivinje, bwana harusi alitamka kukubali kwake kwa mara ya tatu.

"Nimekubali kumuoa Fausia binti Nurdin," alisema Yasini.

Yasini alikuwa mkulima wa korosho kutoka Kiranjeranje, na tangu siku walipojuana alimwita Fauzia "Fausia", kama watamkavyo watu wa kwao. Baba wa Fauzia alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kaka yake, Khamisi, ndiye aliyekuwa walii. Bila yeye ndoa isingefungwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa bwana harusi, kama ilivyo ada. Alimpiga kwa ule wa kushoto.

"Fauzia! Unaoa mwanamke wa mjini, bwana, hupalilii mihogo!"

"Nimekubali kumuoa Fausia," alisema Yasini, damu ikimchuruzikia kanzuni.

Khamisi alimpiga tena, mdomo ukapasuka. Yunusu, kaka wa bwana harusi, alinyanyuka akamrudishia ngumi moja. Jino la mbele la Khamisi lilidondoka mkekani, likabingirika hadi kwenye sahani ya halua.

"Fausia, mwanangu," jino lilisema. "Njoo ule."

Ilikuwa sauti ya marehemu mama yao. Naye alizaliwa Kiranjeranje, jambo ambalo Khamisi hakulitaja mjini kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, Bi Mwahija," alisema sheikh aliyekuwa akifungisha ndoa.

"Marahaba, baba. Watu wameshakula?"

Sheikh aliisogeza sahani ili jino lisikanyagwe.

Fauzia alisema kutoka chumba cha ndani, "Kaka, mama aliniita hivyo hivyo, na niliitika. Niozeshe."

Khamisi alichukua chetezo cha shaba, akalipondaponda jino pamoja na sahani. Vilibaki vipande vinane. Kila kimoja kilisema "Fausia", kwa zamu, bila kugombana. Mtu mmoja alivifagia, akavimwaga uani kwa kuku.

Sheikh aliomba waendelee, adhuhuri isije ikawakuta. Khamisi alijifuta damu na kuushika tena mkono wa Yasini.

"Nimekuozesha dada yangu, Fausia binti Nurdin," alisema, kwa kuwa kwenye pengo la jino z haikutoka.

Hakuna aliyemsahihisha. Kwa mkono wa kushoto aliinua chetezo.

"Haya. Sema vizuri."

Yasini aliutazama mlango wa chumba cha ndani, akalisema jina kama mama yake Fauzia alivyolisema. Chetezo kikamshukia.