Kitunga cha Kiringye

Mume wangu Sévère alifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Uvira. Mwaka ule wa pili wa vita shule ilifungwa, akabaki na Kiingereza chote bila mtu wa kumpa. Basi akanipa mimi. Kila siku saa saba mchana alitafuta habari za Kiingereza redioni, nami niliacha sufuria zangu hapa mtaani Nyamianda nikakaa karibu naye. Nilitaka jambo moja tu: kujua kama mapigano ya bondeni yamepungua kiasi cha mimi kufika Kiringye kumchukua mama yangu, Apollinarie, aliyebaki peke yake na shamba lake.

Redio haikusema hivyo waziwazi. Siku moja ilisema "ease", siku nyingine "subside". Nilimuuliza Sévère kwa nini watu hao wanahitaji maneno mengi kwa jambo moja. Alifurahi mno kuulizwa. Akasema si jambo moja hata kidogo. "Ease" ni kamba iliyolegezwa, na mkono ulioilegeza bado umeishika. "Subside" ni ziwa baada ya dhoruba, limeshuka lakini halijaenda popote. "Taper off" ni kupungua kwa mkia wa panya, kila hatua unazidi kuwa mwembamba. Na "peter out" ni kijito kinachoingia mchangani, huwezi kuonyesha mahali kilipoishia.

Nilimjibu kwamba sisi nasi tuna yetu: mwezi hufifia, uvimbe hunywea, jani husinyaa, ila hatuyasemi redioni. Hata hivyo niliyaandika yake yote nyuma ya daftari la Délice, binti yetu. Niliyapenda, nisiseme uongo.

Kila Jumatano Donatien, mtu wa baiskeli aliyepita vizuizi vya askari kwa mzaha wake tu, alituletea kitunga cha mama. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo, na juu yake maharagi kidogo. Kwetu kitunga cha mtu hakirudi kitupu. Awe mkwe, awe jirani, utatia chochote ulicho nacho, maana kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe asikilete tena. Sisi tulitia chumvi na kipande cha sabuni.

Mwanzoni unga ulifika ukingoni. Baadaye ukafika kwenye ule mstari mweusi uliosukwa katikati, kisha chini ya mstari. Nilimuuliza Sévère redio ingeuitaje upungufu huo. Alitazama ndani akasema "taper off", halafu akaona haya kwa kujibu haraka vile. Tulidhani askari wa vizuizini wanachota. Donatien alikana, tena alikasirika. Tulipomuuliza hali ya mama, alisema yuko salama na anashukuru kwa chumvi.

Chumvi yenyewe sisi hatukuila tena. Tangu juma la tatu tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, Délice akisukuma sahani na kulia, ili ile kidogo iliyobaki iende Kiringye. Nilijiambia kwamba mama yuko peke yake, sisi angalau tuko watatu.

Jumatano ya saba kitunga kilileta viganja viwili vya unga. Redio siku hiyo ilisema "ease", yaani mkono ulikuwa bado kwenye kamba. Sikujali. Kilichonitisha ni lile neno la kijito: kwamba mama yangu angeweza kuisha, nami nisijue ilikuwa Jumatano gani. Nilipanda nyuma ya baiskeli ya Donatien, kitunga mapajani, ndani chumvi yetu ya mwisho.

Nilimkuta mama ameketi mlangoni anamenya papai bichi la kuchemsha. Kitenge kilimzunguka mara mbili na kubaki. Shamba lake askari walikuwa wamelivuna mwezi mzima uliopita. Nilishikwa na hasira, nikamsemesha kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake.

"Mama, juu ya nini uko unatutumia bunga, na weye hauna ya kula?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza ujinga.

"Chumvi yenu iko inakuya kila juma," alisema. "Minye ningefanya nini? Nirudishe kitunga tupu?"

Nikamweleza kwamba sisi nasi tulituma chumvi kwa sababu kitunga chake kilikuja na unga. Alikiangalia kitunga. Kisha akacheka, nami nikacheka, mpaka machozi yakatutoka. Tulikuwa tumepunguzana kwa adabu.

Tulilipika lile papai kwa chumvi yote, na kesho yake asubuhi tukaondoka kwa baiskeli mbili, ya Donatien na ya mwenzake. Nyumbani Sévère alisikiliza habari yote, akaleta lile daftari, maana hakuweza kujizuia. Alitafuta neno la watu wanaopungua kwa sababu kila mmoja anampa mwenzake. Alipekua mbele na nyuma, hakulipata.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa bado amesimama nje ya mlango, kitunga kimefichwa chini ya kitenge. Njia nzima kutoka Kiringye alikibeba hivyo, watu wasione kwamba hakina kitu. Aliniita karibu na kuninong'oneza.

"Pélagie, hauna hata kitu kidogo cha kutia humu, mbele ya minye kuingia?"

Nyumba haikuwa na kitu. Nililichukua daftari mikononi mwa Sévère, nikalitia ndani ya kitunga, ndipo mama akaingia.